Washington, Green Bank, Hampton, Wallops: safari ya kufuata hewa za sayari nyingine

Nimesharudi, nimelala vya kutosha, sasa naandika. Haya yametoka kwenye daftari dogo lililolowa kahawa, picha za simu, na picha za kamera ya filamu zilizochelewa kusafishwa (sababu utaiona siku ya Alhamisi). Nilitaka kufika sehemu za mashariki mwa Marekani zinazohusika na kazi moja niipendayo: kupima hewa ya sayari wakati chombo kinashuka kutua. Ni kazi ya dakika chache au saa chache tu, chombo kikishapita kimepita. Dereva alikuwa shemeji, anayeishi Maryland, aliyekubali kwa sharti kwamba mafuta ni juu yangu. Ilikuwa Oktoba, majani yakigeuka rangi.

Jumanne: Washington

Gari tuliliacha kwake, tukaingia mjini kwa treni ya metro na kushuka L'Enfant Plaza. Makumbusho ya anga ya Smithsonian hayana kiingilio, ila lazima uweke nafasi mtandaoni na uchague saa. Hapo tulikuta familia imesafiri mbali bila kujua hilo, imesimama nje na watoto wamenuna. Mlinzi mmoja aliwapeleka pembeni, akawaonyesha kwenye simu yao nafasi za mchana ule ule. Walitukuta ndani baadaye.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Viking, chombo cha NASA cha kutua Mirihi. Kilichopo ni chombo cha majaribio: wahandisi walibaki nacho duniani ili kujaribia amri kabla ya kuzituma Mirihi. Wageni wengi hupiga picha na kupita. Mimi nilikuwa natafuta kisichokuwepo, yaani ngao ya mbele ya kukinga joto la kuingia, kwa sababu vipimo vya hewa ya juu vilifungwa kwenye ngao hiyo, na ikishafanya kazi hutupwa.

"Sasa kama walizitupa, majibu yalifikaje?" shemeji akauliza. Yalikwenda kwa redio wakati wa kushuka kwenye chombo kingine kilichokuwa kikizunguka sayari juu yake, nacho kikayarusha duniani.

Viking 1 kilitua 20 Julai 1976, Viking 2 kikafuata 3 Septemba mwaka huo huo. Kabla yao kulikuwa na hofu. Tarehe 12 Machi 1974 chombo cha Kisovieti, Mars 6, kilishuka Mirihi kikatuma data kwa sekunde 224 kisha kikanyamaza. Ndani ya data hizo kulikuwa na dalili, tena ya kuzungukazunguka, iliyotokana na umeme wa pampu ya kifaa kimoja, kwamba huenda theluthi ya hewa ya Mirihi ni gesi ya agoni. Kama ingekuwa kweli, kifaa cha Viking cha kuchambua udongo na hewa kingepata shida. Viking vilipofika na kunusa hewa, agoni ilionekana kuwa asilimia 1.6 tu. Naitrojeni, ambayo hakuna aliyekuwa ameipata Mirihi kabla ya hapo, ilikuwa asilimia 2.7. Sehemu kubwa iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Pia naitrojeni nzito, yaani ile yenye atomi za uzito zaidi, ilikuwa nyingi kuliko kawaida ya duniani, dalili kwamba nyepesi imekuwa ikivuja kwenda anga za juu kwa miaka mingi. Majibu ya kwanza ya hayo yalitoka kwenye ngao iliyotupwa jangwani.

Kwa watakaokuja: magari ya chakula yaliyopanga foleni nje ya makumbusho ni ghali na hayaandiki bei zote. Uliza kabla hujaagiza. Chupa ya maji beba yako.

Jumatano: I-66, I-81, kisha milima

Tuliondoka alfajiri kukwepa foleni. Njia za haraka za I-66 hulipiwa, na bei hupanda kadiri msongamano unavyoongezeka, kwa hiyo kama huna haraka baki njia ya kawaida. Mpaka Harrisonburg hakuna la kusimulia, ni malori tu.

Harrisonburg tukashika barabara ya US 33 kuelekea magharibi, na hapo safari ikaanza kweli. Nilikuwa nimeweka kwenye simu programu inayorekodi barometa, yaani mgandamizo wa hewa, na kipima mchapuko, yaani kasi inavyobadilika. Simu nyingi za siku hizi zina vyote viwili. Asubuhi Washington ilisoma hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 1018. Barabara ikaanza kujikunja kupanda mlima Shenandoah, masikio yakaziba, namba zikawa zinashuka: 950, 930, 910. Kileleni, kwenye mpaka wa Virginia na West Virginia, tulisimama kwenye maegesho ya wapanda milima. 897. Upepo ulikuwa mkali na baridi, shemeji akagoma kutoka kwenye gari.

Kushuka upande wa pili ndiko nilikokungojea. Nikaiegemeza simu kwenye kikoba cha miwani ili isitikisike, nikamwomba shemeji aende polepole. Kila kona mstari wa mchapuko uliruka, na wa mgandamizo ukapanda bila wasiwasi mpaka mji mdogo wa Franklin, 955. Huo tayari ni mchoro wa hewa kutoka juu hadi chini, mfano mdogo wa kile chombo kinachokifanya. Tofauti ni kwamba chombo kinachoingia kwa kilomita kadhaa kwa sekunde hakiwezi kutoa barometa nje, ingeungua. Kwa hiyo sehemu ya juu hutegemea mchapuko peke yake: hewa inakipunguzia chombo mwendo, na ukijua uzito wake, umbo lake na kasi yake, ukali wa breki hiyo unakupa densiti ya hewa, yaani ilivyo nzito au nyepesi kwa ujazo. Ukijumlisha uzito wa hewa yote iliyo juu yako unapata mgandamizo, na ukiuweka mgandamizo na densiti pamoja unapata halijoto. Namba tatu kutoka kwenye kifaa kinachohisi breki tu. Alvin Seiff wa kituo cha NASA cha Ames, California, ndiye aliyeipigania njia hii tangu miaka ya 1960, na jina lake litarudi.

Franklin tulijaza mafuta, kama dola 40. Mtandao wa simu ulikuwa umeshakata, ramani ya simu imeganda. Mama aliyekuwa kaunta alitutazama, akauliza tunakwenda wapi, akatoa ramani ya karatasi chini ya droo na kutuchorea kwa kalamu nyekundu: Judy Gap, kata kusini kwa barabara ya 28, msifuate mshale wa Seneca Rocks. Nilitaka kuilipia, akakataa. Alituuzia mikate ya pepperoni miwili, chakula cha wachimba makaa wa huko, ya moto na mafuta yakipenya karatasi. Kama huli nguruwe uliza kwanza.

Simu ilikuwa imesema saa nne na nusu kutoka Washington. Kwa ukungu, kulungu barabarani na lori la magogo tusiloweza kulipita, tulitumia karibu saa saba. Tulilala nyumba ya wageni karibu na Cass, dola 95, wanapenda fedha taslimu. Chakula cha jioni kilikuwa maharage na mkate wa mahindi. Nilirudia sahani.

Alhamisi: Green Bank

Tangu 1958 eneo la kama kilomita za mraba 34,000 kuzunguka hapa limetengwa liwe kimya kwa mawimbi ya redio, ili darubini za redio za Green Bank, West Virginia, zisikie ishara za angani. Karibu na darubini yenyewe masharti yanakaza: simu na kamera za dijitali huziachi tu mfukoni, haziingii kabisa. Dukani wanauza kamera za filamu za kutumia mara moja. Basi la wageni ni la dizeli, kwa sababu plagi za injini ya petroli hutoa cheche, na kila cheche ni kelele ya redio.

Darubini kubwa unaiona kutoka mbali ikiwa nyeupe juu ya malisho, na akili inakataa ukubwa wake. Sahani ni mita 100 kwa 110, urefu mita 148, uso wake umeundwa kwa paneli 2,004. Wakati basi limesimama ilianza kugeuka, polepole hivi kwamba nilijua tu kwa kivuli kilichokuwa kikitambaa nyasini. Chini ya reli yake ng'ombe wa jirani walikuwa wakila bila habari.

Nilikuja kwa ajili ya asubuhi moja: 14 Januari 2005. Siku hiyo Huygens, chombo cha Ulaya kilichobebwa na Cassini, chombo cha NASA, mpaka Zohali, kilishuka kwenye mwezi wake uitwao Titan. Parachuti zake zilianza kazi kwenye kimo cha kilomita 155 hivi, na kushuka kukachukua karibu saa mbili na nusu. Kilikuwa na njia mbili za redio, A na B, zote zikielekea Cassini. Jaribio la upepo lilitegemea njia A, kwa sababu ndiyo iliyofungiwa saa sahihi mno ya rubidi. Wazo ni jepesi: upepo ukikisukuma chombo kuja kwako au kwenda mbali, masafa unayoyapokea yanabadilika. Kwa ishara ya megahezi 2,040, kila mita moja kwa sekunde ni hezi 7 hivi.

Amri ya kuandaa kipokezi cha njia A ndani ya Cassini haikuwa imewekwa kwenye mpangilio. Cassini haikupokea chochote kwenye njia hiyo. Nusu ya picha zilipotea, na jaribio la upepo la timu ya Mike Bird wa Chuo Kikuu cha Bonn lingekwisha hapo, baada ya safari ya miaka 7.

Ila kulikuwa na masikio mengine. Darubini za duniani zilikuwa zimepangwa kusikiliza kama nyongeza, na Green Bank ilikuwa ya mbele kati yao. Hapa ilikuwa saa kumi na moja na kitu alfajiri, majira ya baridi, walipoona mstari mwembamba ukitokea kwenye skrini: ishara ya redio ya nguvu kama ya taa ndogo ya chumbani, kutoka kilomita bilioni 1.2, ikiwa imesafiri dakika 67. Ilikuwa habari ya kwanza kwa mtu yeyote kwamba Huygens imenusurika moto wa kuingia. Titan ilipozama upeo wa West Virginia, darubini ya Parkes, Australia, ikapokea kijiti, na kati yao kukabaki pengo dogo.

Kutokana na mstari huo tunajua kwamba kwenye kilomita 120 upepo wa Titan ulikuwa kama mita 120 kwa sekunde, ukielekea upande ule ule mwezi unakozungukia. Karibu na kilomita 75 hadi 80 ukalegea kufikia karibu sifuri, jambo ambalo sikumbuki kama kuna mtu alilitabiri kwa ukali ule, chini yake ukashika tena, na mwishoni ukawa upepo wa polepole kuliko mtu anayetembea. Njia B ilileta mengine salama: ardhini nyuzi 179 chini ya sifuri, mgandamizo mara moja na nusu ya wetu, methani asilimia 5 hivi na iliyobaki karibu yote naitrojeni.

Nilimuuliza mzee aliyekuwa akituongoza kama watu wa hapa wanakumbuka siku hiyo. Alicheka, akasema wao wanaikumbuka kwa theluji. Kisha, bila kuombwa, alimwambia dereva wa basi asimame dakika mbili zaidi upande wenye mwanga mzuri ili nimalizie filamu yangu.

Kwa watakaokuja: ratiba ya matembezi ya basi hubadilika kwa msimu, piga simu kabla. Pakua ramani ukiwa bado Harrisonburg. Waambie watu wako kwamba hutapatikana.

Ijumaa: kwenda Hampton

Siku ya barabara. Tulitoka kwa US 250 kupitia Monterey mpaka Staunton, kona juu ya kona, halafu I-64 kuvuka mlima Afton ndani ya ukungu mzito, ambako taa zimepandwa pembeni ya lami kuongoza magari. Baada ya Richmond sina cha kusema. Kuanzia Williamsburg foleni ya matengenezo ya barabara ilitula saa mbili, shemeji akaimba nyimbo zote anazozijua na chache asizozijua. Hoteli ya Hampton dola 110, na maegesho bure.

Foleni hiyo ilinikumbusha chombo kilichochelewa kwa sekunde tu na bado kikajulikana kwa hilo. Tarehe 7 Desemba 1995 kipimaji cha Galileo, chombo kidogo kilichoachiwa na chombo cha NASA cha jina hilo, kiliingia Mshtarii kwa zaidi ya kilomita 47 kwa sekunde. Breki ilifika kama mara 228 ya uvutano wa dunia, na ngao ya joto ikapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Parachuti ikafunguka sekunde 53 baada ya muda uliopangwa, kwa sababu swichi za kuhisi mchapuko ziliunganishwa kinyume. Kwa hiyo vifaa vya ndani vilianza kazi chini zaidi ya ilivyokusudiwa. Lakini vipima mchapuko vya Seiff vilikuwa macho muda wote, vikaandika hewa ya juu kabla ya parachuti yoyote. Kipimaji kikaendelea kuzama kwa karibu saa nzima, mpaka mgandamizo wa mara 20 na zaidi ya wetu.

Jumamosi: Hampton, daraja, Wallops

Kituo cha utafiti cha NASA cha Langley hakiingiliki na umma, kwa hiyo tulikwenda makumbusho ya anga ya mjini Hampton, penye chombo cha Apollo 12 kilichorudi kutoka mwezini Novemba 1969. Inama utazame chini yake. Ngao imeungua kahawia na nyeusi, yenye mistari inayoonyesha hewa ilivyopita. Huo ni mkwaruzo wa hewa ya kwetu.

Langley ndiyo iliyosimamia mradi wa Viking, na baadaye ikaongoza MEDLI, kifaa ninachokiona kuwa hatua kubwa kuliko zote tangu Viking. Njia ya mchapuko ina udhaifu: ikitokea upepo, au ukikosea kidogo kukadiria jinsi umbo lako linavyokinzwa na hewa, kosa linajificha ndani ya densiti na huwezi kulitenganisha. Kwa chombo cha Curiosity, kilichotua Agosti 2012, walitoboa vitundu 7 vidogo kwenye ngao ya joto vya kupima mgandamizo wa hewa moja kwa moja, pamoja na plagi 7 za kupima joto ndani ya ngao. Vyote vilisomwa mara 8 kila sekunde. Ngao ikawa yenyewe ndiyo kipimo. Perseverance mwaka 2021 ilibeba toleo la pili, safari hii na vipimo upande wa nyuma pia. Shemeji alitaka kujua kama mashimo hayo hayakupitisha moto. Swali zuri, na wahandisi walilijaribu sana kabla ya kukubali kutoboa.

Adhuhuri tukavuka ghuba ya Chesapeake. Daraja na mahandaki yake ni kilomita 28, ushuru ulipita dola 15 na hutegemea msimu. Barometa nilikuwa nimeiacha ikirekodi. Gari lilipoingia handaki namba ikapanda hektopaskali tatu, tulipoibuka ikarudi. Nilifurahi kupita kiasi, shemeji akaniangalia kwa huruma.

Wallops ni kisiwa na uwanja wa roketi wa NASA, na kituo cha wageni hakina kiingilio. Hapa ndipo njia ya Seiff ilipojaribiwa. Tarehe 20 Juni 1971 roketi ya Scout ilipandisha chombo kidogo kiitwacho PAET, kisha hatua zake za mwisho zikakisukuma kurudi chini ndani ya hewa ya dunia kwa zaidi ya kilomita 6 kwa sekunde, upande wa Bermuda. Ujanja ulikuwa kujifanya hatuijui hewa yetu: pima kama mgeni anayeanguka, kisha linganisha na vipimo vya kawaida vya hali ya hewa. Majibu yalikubaliana. Miaka mitano baadaye Viking ikatumia njia ile ile mahali pasipo na wa kumuuliza.

Tulikula chaza wa kukaanga Chincoteague, ng'ambo ya kinamasi, dola 18 kwa sahani na viazi. Wakati shemeji anazungumza na mvuvi kuhusu bei ya injini za boti, nilifungua faili la Jumatano. Nilichukua rekodi ya siku ile ya uwanja wa ndege wa bonde la Shenandoah, mgandamizo na halijoto, nikapanda nayo hatua kwa hatua mpaka kileleni. Nilipata kimo kinachotofautiana na ramani kwa mita 15 hivi. Nilipobadilisha halijoto kwa nyuzi 3 tu, jibu likasogea kwa karibu nusu ya tofauti hiyo. Kwa wanaotaka kujaribu: weka simu isomayo barometa mbali na kiyoyozi, funga madirisha yote au yafungue yote, na usiyaguse katikati ya mteremko, maana kila dirisha likishushwa mstari unaruka na utadhani ni kilima.